Rivyu: siku ya mifupa kwenye kliniki ya damu ya watoto, rula imeishinda mashine

Nianze na nyota kabisa ili mwenye haraka achukue aende zake: nne kati ya tano kwa huduma nzima. Ndani yake kuna kipande kimoja ningekipa hata sita kama zingekuwepo, na kingine nimekibania kwa sababu nitakazozisema. Jina la kliniki silitaji, hili sio tangazo, na mengi ninayoyasifia na kuyalalamikia hapa utayakuta kwenye kliniki yoyote ya watoto wenye matatizo ya damu, kwa hiyo itumie kukagulia ya kwenu.

Huduma yenyewe iko hivi. Mara moja kwa mwaka watoto wote wenye upungufu wa damu wa kudumu wanaitwa wakaguliwe mifupa. Naposema wa kudumu simaanishi ule wa kunywa vidonge vya madini ya chuma miezi kadhaa ukaisha, namaanisha ule mtoto anazaliwa nao, thalasemia, selimundu, na wengine wachache wenye magonjwa ya majina magumu zaidi. Wanapimwa urefu, wanapigwa eksirei ya mkono, wanapitishwa kwenye mashine ya deksa inayopima wingi wa madini kwenye mifupa, wanaonwa na daktari wa meno, halafu mwisho unakaa na daktari wa damu anakusomea vyote kwa pamoja. Mwanangu ana thalasemia meja, ile kali, ana miaka tisa, anaongezewa damu tangu hajajua kutembea, kwa hiyo hapa naongea kama mzazi aliyeketi sana kwenye mabenchi hayo, sio kama mtaalamu.

Swali ambalo karibu kila mzazi mgeni analiuliza pale ni lilelile, mtoto ana tatizo la damu, mifupa imeingiaje? Hapa ndo kliniki inapoanza kujipatia nyota zake, maana kuna nesi mmoja mtu mzima ambaye kazi yake asubuhi ni kukaa na wazazi wapya na karatasi na kalamu, anawachorea. Damu inatengenezwa ndani ya mfupa, kwenye uboho. Mtoto akizaliwa karibu mifupa yake yote ina uboho mwekundu unaofanya kazi, halafu anavyokua ule wekundu unageuka mafuta taratibu, unaanzia kwenye vidole unarudi kuelekea kiwiliwili, mpaka mtu mzima anabaki nao zaidi kwenye uti wa mgongo, nyonga, mbavu, kifua na fuvu. Sasa damu ikiwa pungufu miaka nenda rudi, figo zinahisi oksijeni haitoshi, zinamwaga homoni inaitwa erithropoietini, na ujumbe wa homoni hiyo kwa uboho ni mmoja tu, ongeza chembe nyekundu. Uboho unatii. Unang'ang'ania sehemu ulizotakiwa kuziachia, unazidi kujaa, unahitaji nafasi ambayo haipo. Ni kama familia inayoongezeka ndani ya nyumba ileile wakaanza kuchimba kuta kwa ndani, kwa nje nyumba inaonekana imetanuka ila kuta zimebaki nyembamba.

Kwenye thalasemia ubaya unazidi kwa sababu chembe nyingi zinafia humohumo kwenye uboho kabla hazijatoka kwenda mwilini, yaani uboho unahangaika mara nyingi kuliko wa mtoto mwingine na bado damu haifiki. Kwenye selimundu chembe zinatoka lakini zinaishi siku 10 hadi 20 badala ya kama 120, na juu ya hilo zinaziba mishipa midogo, kwa hiyo mfupa unapigwa mara mbili, uboho unautanua kwa ndani na wakati huohuo vipande vya mfupa wenyewe vinakosa damu. Nesi akimaliza kuchora huwa anatugeukia sisi wa zamani: "Baba, ndo maana nikikwambia usiruke tarehe ya damu, siisemei damu peke yake."

Haya, huduma moja moja.

Rula ya ukutani. Hiki ndo kile kipande cha nyota sita. Najua inachekesha, watu wanakuja wameshasikia habari za mashine kubwa afu mimi nasifia ubao wenye namba, ila subiri. Kwanza wanavyopima. Viatu na soksi nje, kama nywele zimefungwa juu zinafunguliwa, visigino vinagusa ukuta, kichwa kimenyooka macho mbele, kile kibao kinashushwa mpaka kiguse fuvu sio nywele. Wanapima mara tatu wanachukua wastani. Na wanataka saa zilezile kila mwaka, kwa sababu mtu hupungua kidogo kuanzia asubuhi mpaka jioni, uti wa mgongo unajibana kwa uzito wa mwili, na kwa mtoto unayehesabu sentimita moja moja hiyo tofauti inaweza kukudanganya. Nimeshaona sehemu nyingine mtoto anapimwa na viatu vyake, mlangoni, kwa utepe wa fundi nguo, afu namba inaandikwa kwenye faili kwa kujiamini kabisa.

Baada ya hapo wanampima akiwa amekaa. Mara ya kwanza nilidhani ni kupoteza muda. Kumbe hapo wanatenganisha kiwiliwili na miguu, maana watoto wa thalasemia wana tabia ya kuwa na kiwiliwili kifupi kuliko miguu, na sababu ziko zaidi ya moja: pingili za mgongo zikiwa laini zinabonyea, na pia dawa ya zamani ya kutoa chuma mwilini, deferoksamini, ikitolewa nyingi kupita kiasi kwa mtoto mdogo hasa chini ya miaka mitatu inaharibu sehemu laini za ukuaji kwenye ncha za mifupa na kuzifanya pingili ziwe bapa. Yaani dawa ya kuokoa moyo na ini inaweza kufupisha mgongo. Hiyo hutaiona kwa kuangalia urefu wa jumla peke yake, miguu inaweza kuficha.

Afu kuna grafu. Mtoto wa kati ya miaka minne hivi na kubalehe kwa kawaida anaongeza kama sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka, na wao hawaangalii sana ana urefu gani leo, wanaangalia mstari unaelekea wapi. Mstari wa mwanangu mwaka mmoja ulianza kulala. Alikuwa haumwi, shuleni anaenda, anacheza mpira, mimi sikuona kitu. Sehemu tuliyokuwa tunaongezea damu wakati huo (sio hii) walikuwa wananiambia damu iko sawa, na kweli ilikuwa sawa, kwa sababu walikuwa wanaipima akishaongezewa! Hapa wakauliza kabla ya kuongezewa huwa ngapi? Wakapima himoglobini, ile namba inayoonyesha damu iko kiasi gani, iko chini ya 8. Mtoto alikuwa ameongezeka uzito na kiasi cha damu kilikuwa hakijabadilishwa tangu akiwa mdogo, wakati kinatakiwa kifuate kilo. Wanachotaka kwa mtoto wa thalasemia meja ni kwamba hata siku ile damu imeshuka kabisa, kabla hajawekewa dripu, himoglobini iwe bado kati ya 9.5 na 10.5, kwa sababu kwa kiwango hicho uboho unatulia, unaacha kuchimba. Wakarekebisha kiasi na tarehe, na mwaka uliofuata mstari ukainuka. Hakuna mashine iliyogundua hilo. Rula.

Eksirei ya mkono. Mkono wa kushoto, picha moja, dakika chache, mionzi kidogo sana. Hii ni ya umri wa mifupa. Wanaangalia vile vifupa vidogo vya kiganjani vingapi vimeshatokea na ncha za vidole zimeungana kiasi gani, afu wanalinganisha na picha za kwenye atlasi, yaani kitabu cha picha za mifupa, ya Greulich na Pyle. Hapa niweke pembeni kidogo jambo linalonikera: hiyo atlasi toleo linalotumika ni la mwaka 1959, na picha zake ni za watoto wa kizungu wa familia za kujiweza wa mji wa Cleveland kule Marekani, waliopigwa picha miaka ya 1930 na kuendelea. Dunia nzima bado inawapima watoto wake kwa mikono ya wale. Daktari wa picha wa pale yeye mwenyewe anakwambia hivyo, anasema usishike mwaka mmoja kupungua au kuzidi kama msahafu, angalia mwelekeo. Nimempenda kwa hilo.

Mwanangu ana miaka tisa, mifupa ya mkono inasema saba na kitu. Mke wangu alilia. Daktari akamwambia, "Mama, hapa usilie, hii kwa upande mmoja ni habari nzuri," akaeleza kwamba mfupa uliochelewa ni mfupa ambao bado una muda wa kurefuka, na ndo maana watoto wengi wa selimundu wanaobaki wafupi wakiwa darasani na kuchelewa kubalehe huja kufikia wenzao baadaye, wanaendelea kurefuka wakati wenzao wameshafunga. Ila, na hii ila ni kubwa, kwenye thalasemia kuna sehemu zinaweza kujifunga mapema wakati mkono unaonyesha kuchelewa, hasa juu ya mkono karibu na bega, na chini ya paja karibu na goti, matokeo yake mkono mmoja unabaki mfupi au mguu unapinda. Kwa hiyo wanamvua shati, wanalinganisha mikono yote miwili kwa macho na kwa utepe, wanamwambia asimame magoti pamoja waone. Dakika mbili. Kama kliniki yenu inasoma eksirei ya mkono tu afu inafunga faili, waulizeni kuhusu mabega.

Kwenye eksirei hiyohiyo unaona umbo pia. Mifupa ya kiganja kwa kawaida ina kiuno, imeminyika katikati. Uboho ukijaa kile kiuno kinapotea, mfupa unakuwa wa mraba mraba, ukuta wake mwembamba. Walinionyesha picha za mwanangu za utotoni na za sasa, za sasa ni nzuri zaidi, na sababu ni ile ya nesi, uboho mwekundu unavyozidi kurudi kiwiliwilini vidole vinapata nafuu. Tatizo linahamia kwingine.

Kwa wazazi wa selimundu hii sehemu ni tofauti kidogo na naiandika kwa sababu dada mmoja tunayekaa naye benchi moja amenisisitiza niiandike. Wale watoto wadogo kuanzia miezi sita mpaka kama miaka miwili na kuendelea kidogo huwa wanavimba viganja na nyayo, ghafla, wanalia ukishika, na watu wengi wanadhani mtoto ameumwa na mdudu au ameanguka. Ni vifupa vya vidole vimekosa damu. Mara nyingi vinapona vyenyewe na eksirei inarudi kawaida, ila sehemu ya ukuaji ikiguswa kidole kinaweza kubaki kifupi maisha yote. Mtoto wake ana kidole kimoja hivyo. Dawa ya selimundu inayoitwa haidroksiurea imepunguza sana haya mambo, ule utafiti wa BABY HUG uliotoka 2011 ulianza dawa kwa watoto wa miezi 9 hadi 18 na uvimbe wa vidole ukapungua wazi. Dada anasema wake alianzishiwa umri mkubwa, na hakuna siku hajaiwazia hiyo. Nyota tano kwa eksirei ya mkono, basi.

Deksa sasa. Tatu, na hiyo ya tatu nimeitoa kwa huruma.

Sio kwamba mashine ni mbaya. Mtoto analala, mkono wa mashine unapita juu, hakuna sindano, mionzi ni midogo hata kuliko eksirei ya kifua, na wangu karibu asinzie. Shida ni karatasi inayotoka. Deksa inapima kivuli, haipimi ujazo, inahesabu madini kwa eneo la picha. Mtoto mfupi ana mifupa midogo, na mfupa mdogo kwenye kivuli unaonekana mwepesi hata kama ndani yake uko imara kabisa. Na watoto wetu karibu wote ni wafupi kwa umri wao! Kwa hiyo usiporekebisha kwa urefu unampa mzazi hofu ya bure. Tena mara ya kwanza ripoti yetu ilikuja na alama ya T, ile inayomlinganisha mtu na kijana mzima aliyefikia kilele cha mifupa. Mtoto wa miaka tisa akilinganishwa na mtu mzima lazima afeli, hata asiye na ugonjwa wowote. Kwa watoto inatumika alama ya Z, inayomlinganisha na wa umri wake na jinsia yake, halafu unarekebisha na urefu, na wanaangalia mgongo wa chini na mwili mzima bila kichwa. Kichwa wanakitoa kwa sababu fuvu ni sehemu kubwa ya mifupa ya mtoto na linavuruga hesabu, na kwa hawa wetu ndo kabisa maana fuvu lao limenenepa kwa uboho.

Nililalamika, daktari wa damu akakubali, akairudisha, ikaja upya na namba ambayo haikuwa mbaya hata kidogo. Ila fikiria mzazi ambaye hajui kuuliza. Angetoka pale na karatasi inasema mifupa ya mwanao ina hali mbaya, anamkataza kukimbia, anamkataza mpira, wakati kukimbia na kuruka ndo kunaijenga mifupa. Na kwa mtoto neno osteoporosisi, yaani ugonjwa wa mifupa dhaifu inayovunjika kirahisi, haliandikwi kwa sababu ya namba peke yake, wanataka kuwe na mifupa iliyovunjika kwa namna isiyo ya kawaida, au pingili iliyobonyea. Pingili za watoto wa thalasemia zinaweza kubonyea bila mtoto kusema chochote, haumwi au anaumwa kidogo tu mgongo mkasema begi la shule. Ndo maana ningependa wawe na eksirei ya mgongo ya ubavuni kwa wanaolalamika mgongo, kabla ya hiyo deksa ya mbwembwe. Wanayo, ila mpaka uombe.

Kitu kingine kilichonifurahisha ni kile walichokataa kufanya. Nilitaka mwanangu apigwe eksirei ya kichwa, kwa sababu nilishaona zile picha maarufu, fuvu lenye vistari vingi vimesimama wima kutoka juu ya kichwa mithili ya nywele, nikataka kujua wangu amefika wapi. Daktari akauliza, "Baba, tukiiona tutabadilisha nini?" Sikuwa na jibu. Picha ile inatokea kwa sababu fuvu lina tabaka mbili ngumu na katikati yake kuna uboho, uboho ukijaa tabaka la nje linasukumwa na kuwa jembamba na vile vijiti vya mfupa vinapangika wima. Inavutia, iko kwenye vitabu vyote, na daktari Thomas Cooley wa Detroit alipoeleza ugonjwa huu mwaka 1925 mabadiliko ya mifupa ya fuvu na uso yalikuwa sehemu ya vitu vilivyomfanya aone kwamba hawa watoto wana ugonjwa wao wa peke yao. Ila kwa matibabu ya leo ya mwanangu haiongezi kitu, mionzi ya bure. Kliniki inayokataa pesa ya kipimo kisicho na kazi mimi naiamini.

Uso lakini wanauangalia, kwa macho tu na kwa daktari wa meno. Hapa naomba wazazi msikilize vizuri kwa sababu ni kitu tunaona aibu kukiongea. Taya la juu likijaa uboho linatanuka, mashavu yanatokeza, paji la uso linakuja mbele, daraja la pua linaonekana limelala, meno ya juu yanasogea mbele na kuachana mpaka midomo haifungi vizuri. Zile nafasi za hewa ndani ya mashavu, ambazo kwa mtoto mwingine zinakua na umri, zinakosa nafasi ya kutokea kwa sababu uboho umeshachukua, na mtoto anaweza kuwa na mafua yasiyoisha na kupumulia mdomo. Mtoto aliyeanzishiwa damu mapema na kwa uhakika hapati haya au anapata kidogo sana. Aliyechelewa, mifupa ya uso ikishatanuka haitarajiwi irudi yote hata ukiongeza damu vizuri baadaye, unazuia tu isiendelee. Wangu alianza mapema, ana meno ya mbele yaliyotokeza kidogo basi. Kuna binti wa kama miaka kumi na tatu kwenye benchi letu ambaye hakubahatika, na watoto shuleni hawana huruma, na nilimsikia daktari wa meno akiongea naye yeye mwenyewe sio mama yake, akimwuliza anachotaka kirekebishwe kwanza ni nini. Alisema kufunga mdomo. Wakaanza na mpango wa waya wa meno, na wakamwandikia daktari wa damu kwamba siku ya kung'oa jino lolote wasiliane kwanza. Huyo daktari wa meno nyota tano, na aongezewe mshahara.

Sasa mwisho wa siku, kikao na daktari wa damu. Ndo vitu vyote vinaunganishwa na ndo nimeelewa kwa nini mtoto anayeongezewa damu vizuri, ambaye uboho wake umetulia, bado anaweza kuwa na mifupa dhaifu akifika ujana. Ni chuma. Kila chupa ya damu ya mtu mzima inaingiza kama miligramu 200 hadi 250 za chuma, na mwili unapoteza miligramu moja au mbili tu kwa siku, hauna njia ya kutoa zaidi. Kinajaa kwenye ini, moyo, na kwenye tezi za homoni. Tezi zikiharibika homoni za kubalehe hazitoki, ya ukuaji inapungua, ya tezi ya shingo inapungua, kisukari kinaingia, na mfupa ambao ulikuwa unasubiri homoni za ujana ili unenepe haupati kitu. Kwa hiyo ukikimbia uboho uliovimba kwa kuongeza damu unakutana na chuma, ukikimbia chuma kwa deferoksamini nyingi unakutana na ile habari ya mgongo mfupi. Daktari anasema kazi yake yote ni kupita katikati hapo. Ndo maana anataka ferritini (kipimo cha damu kinachoonyesha chuma kilichojaa mwilini), kilo, urefu wa kukaa na dozi ya dawa viandikwe kwenye ukurasa mmoja, na kweli viko ukurasa mmoja, nimeona faili.

Wangu siku hizi anatumia deferasiroksi, dawa nyingine ya kutoa chuma, kidonge mara moja kwa siku, baada ya miaka ya ile pampu ya deferoksamini inayochomekwa tumboni kwa muda wa masaa 8 hadi 12, karibu kila usiku. Kidonge nacho kina mambo yake, figo na ini vinapimwa kila mara, usidhani ni peremende. Ila mtoto analala kwa ubavu anaoutaka.

Malalamiko yangu mengine. Foleni ya deksa haieleweki, mashine ni ya hospitali nzima kwa hiyo wazee wanaoumwa nyonga na watoto wetu tuko mstari mmoja. Daktari wa homoni hayupo siku hiyo, unapewa tarehe nyingine, wakati nimetoka kusema hapo juu homoni zina uzito gani kwenye mifupa hii, na kwa mtoto anayekaribia kubalehe miezi mitatu ya kusubiri ni mingi. Vitamini D wanapima ila majibu yanakuja baada ya wiki na hakuna anayekupigia, unayafuata mwenyewe. Na kwa watoto wa selimundu naona hawatendewi haki sana, kipimo kizima kimepangwa kwa kichwa cha thalasemia: nyonga zao hazikaguliwi mpaka mtoto achechemee, wakati kichwa cha mfupa wa paja kikikosa damu kinaweza kuanza kubonyea huku mtoto analalamika goti tu, sio nyonga. Kumgeuzageuza mguu mtoto aliyelala kitandani hakuhitaji mashine. Yule dada amewaandikia barua, tunasubiri.

Nani aende? Mtoto yeyote anayeongezewa damu mara kwa mara, au mwenye himoglobini iliyo chini miaka yote hata kama haongezewi, hawa wa pili ndo wanasahaulika kabisa kwa sababu wanaonekana wako sawa na hawaji kliniki mara nyingi, kumbe uboho wao unachimba kimya kimya bila kitu cha kuutuliza. Nenda asubuhi, anza na rula kabla mgongo haujajibana, omba karatasi ya grafu uondoke na kopi yako, na kwenye ripoti ya deksa tafuta herufi Z kabla hujasoma kitu kingine chochote. Na mvalishe mtoto nguo isiyo na zipu wala kifungo cha chuma, la sivyo mtavuliwa mkifika mbele na kurudishwa nyuma ya wale wazee.